Saa Tisa ya Mzee Said

Tulipomzika Barasa mwezi uliopita, mtu aliyesoma wasifu wake alipofika kwenye miaka ya Qatar alisema, "Marehemu alifanya kazi ng'ambo," kisha akaendelea na habari za kwaya. Maneno manne. Niliyahesabu, nikayahesabu tena kama ilivyo desturi yangu, yakabaki manne. Kwaya ilipewa ukurasa mzima. Nilikuwa nimekaa chini ya hema, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi, nikitazama huku na huku nione kama yupo mwingine aliyegundua kwamba mtu ameporwa mchana kweupe, lakini watu walikuwa wanafukuza inzi na kuulizana chakula kitatolewa upande gani. Sina ugomvi na kwaya. Ila mimi ndiye niliyekuwa na Barasa huko ng'ambo, na katika miaka yote aliyokaa kule upo mmoja, wa 2009, ambao ukiuondoa huwezi kueleza kwa nini tulikuwa tunamzika mtu wa miaka arobaini na kitu akiwa na uzito wa mtoto wa shule. Wasifu ulisema aliugua figo. Ni kweli. Hata nyumba iliyoungua unaweza kusema iliugua moto.

Chumba chetu kilikuwa Industrial Area, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la betri za magari. Vitanda vitatu vya kupandana, watu sita, na dirisha moja lililozibwa na mashine ya kupoza hewa iliyonguruma kama kinu cha unga na kutoa baridi kidogo kuliko kelele. Barasa alilala chini, mimi juu yake, kwa hiyo hakuna aliyejua kuliko mimi ni usiku gani hakupata usingizi. Sote tulikuwa walinzi wa kampuni moja. Unga wa ugali tulinunua kwa Mhindi mmoja aliyejua kwamba hatuna pengine pa kwenda, na bei yake ilionyesha kwamba anajua. Samaki nilimtafuta mimi. Nilikwenda sokoni wakati wanafunga, saa ambayo mwuzaji anatamani kitanda chake kuliko faida, nikarudi na kichwa cha hamuri kikubwa kama sufuria yenyewe. Tulikula kwenye sinia moja. Vipande nilivihesabu kabla ya kukaribisha watu, na Kato akishanawa nilivihesabu tena. Kato alikuwa Mganda, mtu wa maneno, na siku tulipoingiza baiskeli mbili chumbani na kuziegemeza ukutani alizitazama kama mtu aliyeletewa ng'ombe kitandani.

"Nyinyi Wakenya iko na shida," akasema. "Kwetu baiskeli inabeba matoke. Hii yenu itabeba nini?"

"Itanibeba mimi," Barasa akamjibu.

"Na wewe kilo ni bei gani?"

Barasa alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa na kicheko cha kuanzia tumboni, cha mtu ambaye hajui kujibana. Ndicho kilichonisumbua siku ya kuzinunua. Mwenye baiskeli alikuwa Mbangali mwenye kibanda nyuma ya karakana ya kupiga malori rangi, na mimi nilikuwa nimeshaanza kazi yangu vizuri: nimezikosoa taa, nimezikosoa breki, nimeuliza kama hizo kutu zinauzwa pamoja au kando. Kutazama nyuma, mwenzangu amepiga magoti, ameshika cheni kama rozari, anatabasamu peke yake. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Maze, simama huko mbali, ujifanye una njaa." Tuliondoka na baiskeli zote mbili, pampu, kengele mbili, tyubu moja ya akiba, na chai ya maziwa kwa gharama ya mwuzaji. "Inta harami," Mbangali akaniambia wakati wa kuagana, yaani mwizi wewe, lakini alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na katika biashara hakuna sifa inayopita hiyo. Tangu hapo Barasa akaniita Broka, na chumba kizima kikamfuata.

Nataka kueleza baiskeli zilikuwa nini kwetu, maana nikisema tu kwamba tulikuwa tunatembea Ijumaa, msomaji ataona watu wawili wa starehe. Kazi yetu ilikuwa kusimama. Kampuni ilikodisha miguu yetu kwa zamu, na kati ya zamu na zamu basi la kampuni lilituchukua na kuturudisha. Ukikaa hivyo mwaka mzima unagundua kwamba hujawahi kwenda mahali popote, umepelekwa tu. Siku ya mapumziko wengi walikwenda Mesaimeer, kwenye makanisa, ambayo wakati ule yalikuwa mapya yananuka rangi, nasi pia tulikwenda, tukaimba, tukapata habari za kazi kwenye maegesho ya magari, ambako habari zilikuwa za kuaminika kuliko mahubiri. Lakini baada ya baiskeli kuja, Ijumaa moja kwenda Mesaimeer, nyingine barabarani. Tulianza na Wakrah, tukaenda Khor, tukafika Dukhan na kurudi, njia yote upepo ukitupiga makofi usoni. Barasa aliendesha mbele akiwa amenyoosha mgongo, kwa sababu enzi za ujana wake alibeba abiria kwa baiskeli na hakuacha kamwe kukaa kama mtu mwenye abiria nyuma. Kwenye mteremko, na Qatar haina mteremko bali madaraja, aliachia mikono yote miwili.

Baiskeli hizo ndizo zilizomletea bahati. Alisimama siku moja kando ya bahari kumfungia mgeni wa hoteli cheni iliyokatika, wakaongea, na wiki iliyofuata meneja wa hoteli ile akamwita. Walikuwa na baiskeli za wageni zinazoota kutu kwa kukosa mtu. Walitaka wa kuzitunza na wa kuwaongoza wageni asubuhi, na wangempa chumba cha watu wawili na chakula cha hoteli. Mchana angekaa kwenye banda lenye kivuli. Nakiweka kivuli mwisho, lakini ndicho kilichokuwa cha kwanza, kwa sababu kampuni yetu ilikuwa imeshamwandika Barasa kwenda kulinda uwanja wa vyuma kusini mwa mji, mahali tulipopaita Kikaangoni. Geti lake halikuwa na kibanda. Mlinzi alisimama kati ya marundo ya vyuma ambavyo kufikia adhuhuri unaweza kuvikaangia yai, na aliyekuwa hapo kabla yake alikuwa amerudishwa kwao akikojoa damu. Meneja wa hoteli alisema atangoja mpaka Jumapili. Kilichobaki ni sahihi moja.

Katika Qatar ya wakati ule hukuajiriwa tu, ulishikwa. Mwenyeji mmoja aliandikwa kuwa ndiye mwenye wewe, na bila sahihi yake hukuhama kazi wala kutoka nchini. Huyo ndiye kafili. Wa kwetu, mwenye kampuni, tulimwita Baba kama watumishi wa nyumbani mwake walivyomwita, na sikuwahi kumwona kwa macho. Njia ya kumfikia ilikuwa Mzee Said. Mzee Said alikuwa mandubu, yaani mtu wa kampuni anayezunguka maofisini na makaratasi ya wafanyakazi, na wengi walimwogopa kwa sababu pasipoti zetu zilikaa kwenye kabati lake. Lakini mamake alikuwa mtu wa Lamu. Yeye mwenyewe alizaliwa na kusomea Arabuni, ila mama alimlea kwa Kiswahili jikoni, na mama alikuwa ameshafariki. Barasa ndiye aliyegundua. Asubuhi moja alimwamkia "Shikamoo" kwa kujaribu tu, na yule mzee akasimama katikati ya ua, akaweka mkono kifuani, akasema "Marahaba" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Tangu hapo Barasa akawa mwanawe. Sisi wengine alituambia mambo kwa Kiarabu na ishara za kidole. Barasa alimwambia kwa Kiswahili, taratibu, akionja kila neno.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo ya hoteli, mwezi wa Desemba, Barasa akiwa ameshamwomba Mzee Said amfikishie Baba ombi lake, tulipata siku mbili za mapumziko pamoja, jambo lililotokea mara chache kama mvua yenyewe, tukaamua kwenda mpaka Ruwais, kule kaskazini nchi inakokwisha, kulala kwa walinzi wenzetu na kurudi Doha kesho yake. Tulikuwa tumeshaipita Khor simu ya Barasa ilipolia. Alisimamisha baiskeli, akavua kofia kana kwamba anaonekana. Mimi ningesikia upande mmoja tu, lakini Mzee Said alikuwa mtu wa kupaza sauti kwenye simu, na maneno yenyewe nayakumbuka mpaka leo.

"Mwanangu, Baba amekubali kukuona. Kesho, saa tisa, nyumbani kwake, majlisi. Uje na baiskeli yako, nimemwambia habari za baiskeli akacheka. Kisha anasafiri. Usitaakhari."

"Kesho saa tisa. Asante, mzee. Asante sana."

"Haya. Mungu akulinde na njia."

Barasa akavaa kofia tena. Halafu akauliza, turudi? Tukakaa kando ya barabara tukapiga hesabu. Kutoka Ruwais kufika Doha, kwa mwendo wetu, ni nusu siku. Tukiondoka saa kumi na mbili alfajiri tutafika adhuhuri. Weka saa moja ya pancha, weka saa moja ya kuoga na kubadili shati, bado tunafika kwa Baba kabla ya wakati. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili, kwa vidole na kwa kichwa, ikatoka ileile. Yeye akaipiga mara ya tatu. Hesabu haikuwa na kosa. Tukasonga mbele, na Barasa akaachia usukani akanyoosha mikono kama ndege, hata daraja lenyewe halipo.

Ruwais tulilala kwenye kontena la walinzi wawili wa Kisii waliotupikia dengu na kutuambia kwamba hawajaona mgeni tangu mwezi wa saba. Alfajiri tuliamshwa na kitu ambacho kwa muda sikukitambua. Mvua ilikuwa inapiga bati. Ulikuwa mwaka wangu wa tatu nchini na mpaka siku ile nilikuwa nimeiona mvua ya rasharasha tu, ile ya kuchafua vioo. Hii ilikuwa ya kwetu, nzito, yenye nia. Mmoja wa wenyeji wetu alitoka nje akasimama katikati yake na chupi, mikono ameifungua. Barasa aliizima simu yake isiingie maji, akaifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki pamoja na shati jeupe na tai, akaweka kila kitu ndani ya sufuria tuliyokuwa tunasafiri nayo, akafunika na kuikaza na mpira wa tyubu kwenye karia. Nilimtania kwamba amempika Baba. Tuliondoka kukiwa bado na giza la mvua.

Sijawahi kuwa na furaha vile, na ndilo jambo nisilousamehe mwaka ule. Barabara ya kaskazini ilikuwa inajengwa upya, na maji yalikuwa yamejaza kila shimo lililochimbwa, hata yakawa maziwa mekundu yenye mashine za manjano zimesimama ndani kama viboko. Jangwa lilinuka udongo. Malori yalitupita yakituogesha, na madereva, badala ya honi za matusi, walipunga mikono na kupiga kelele, "Matar, matar!" Mvua, mvua. Kila mtu tuliyekutana naye siku ile alilisema neno hilo kama salamu: Mpakistani aliyekuwa anasukuma pikapu, mzee mmoja aliyesimamisha gari zima ili atuangalie na kutuombea, watoto waliotoa vichwa madirishani. Barasa aliimba nyimbo za kwaya njia nzima akibadilisha maneno, akamwimbia Mungu habari za banda lenye kivuli na chakula cha hoteli. Saa tatu asubuhi tulikuwa karibu na Khor, kwenye kituo cha mafuta, tumekaa juu ya kreti za soda chini ya paa, tunakunywa chai ya maziwa yenye iliki na kula parata ya mayai. Nilimbana Mkerala aliyetuuzia mpaka akaongeza parata ya tatu. Barasa alitaka tuendelee mara moja. Kisha akaangalia saa ya ukutani, akahesabu kwa midomo, akakaa tena.

"Tuko na time, Broka," akasema. "Leo wacha nikae kama mtu."

Akaagiza chai nyingine. Tukangoja mvua ipungue kidogo. Haikupungua, nasi hatukujali.

Tyubu ilitoboka mara mbili kabla ya mji, zote za gurudumu langu. Wakati wa swala ya Ijumaa maduka yalifungwa, tukakaa kwenye ukumbi wa nje wa msikiti kati ya viatu vya watu, Barasa akibandika kiraka kwa pumzi na mate kwa sababu gundi ilikataa unyevu. Doha tuliingia kwa miguu zaidi kuliko kwa magurudumu. Mji ule haukujengwa ukifikiria mvua. Barabara za chini ya madaraja zilikuwa zimegeuka visima, kwenye mizunguko magari ya bei ya nyumba yalikuwa yamezima na kuelea kidogo, na wenyewe wamepanda juu ya viti wakipiga simu. Nakumbuka bwana mmoja aliyetulia kabisa ndani ya gari lake, kioo kimeshushwa, maji yamefika mlangoni, akitutazama tukipita na baiskeli mabegani. "Hii mbili ni bei gani?" akaniuliza kwa Kiingereza. Nikamwambia leo haziuzwi. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile nilikuwa na kitu ambacho tajiri hana. Nililisema hilo kwa sauti, na Barasa akacheka hata akaangusha baiskeli majini, tukaokoa sufuria kwanza.

Tulifika kwa Baba saa nane na nusu. Kuoga tulikuwa tumeshaogeshwa. Barasa alivaa shati jeupe na tai chini ya mti wa mtende nje ya ukuta, mimi nikimshikia mfuko juu ya kichwa. Lile geti lilikuwa la chuma, refu kama la bohari, na mlinzi wake Mnepali mwenye mwavuli.

"Baba?" Barasa akamwuliza.

"Baba matar," akasema Mnepali.

"Aiwa, matar," Barasa akamjibu akifuta uso. "Matar kathir." Mvua nyingi.

Mnepali akatikisa kichwa. "Baba matar. Khalas."

"Anasema nini?"

"Anasema Baba amesema mvua imeisha," nikamtafsiria, nikijiona mjuzi, huku maji yakinitiririka shingoni. Uwanja wa ndege kwa Kiarabu ni karibu neno lilelile, ila irabu ya mwisho unaivuta, na Kiarabu cha Mnepali kilikuwa kama chetu, hakivuti kitu. Tulisimama pale tukimtabasamia mtu anayetuambia kwamba Baba ameshakwenda.

Kisha mlango mdogo ukafunguka na Mzee Said akatoka kwa kandambili, bila kilemba, uso umemshuka. Barasa aliinama. "Shikamoo, Mzee Said."

Hakuitikia. "Mlikuwa wapi?"

"Njiani, mzee. Mvua imetupiga kweli, lakini tumewahi. Ni saa nane na nusu."

"Saa nane? Nini saa nane?" Alimtazama kama mtu anayedhihakiwa mbele ya nyumba ya watu. "Nimekwambia saa tisa."

"Ndiyo, mzee. Bado nusu saa."

Mzee Said akapandisha mkono wa kanzu. Alikuwa na saa ya mishale, ya zamani, yenye kioo kilichochakaa. Akaweka ukucha juu ya namba tisa. "Tisa," akasema. "Hii. Asubuhi."

Barasa akakifuta kile kioo kwa kidole. Sisi saa tunaisoma upande wa pili. Mshale ukiwa kwenye tatu tunasema tisa, na hakuna anayekumbuka siku aliyojifunza hivyo, ni kama kujua upande wa kulia. Saa tisa nyingine ni ya usiku, ya wezi na wanaojifungua, kwa hiyo mtu akikuambia uje saa tisa huulizi ni ipi. Mzee Said alikuwa amejifunza Kiswahili jikoni kwa mamake, lakini saa alijifunza shuleni, kwa Kiarabu, ambako tisa ni ile unayoiona. Maneno yanatamkwa karibu sawa. Angetuambia kwa Kiarabu tungebadilisha, kwa sababu wasimamizi walituambia hivyo kila siku nasi tulibadilisha kila siku bila kukosea. Lugha ya watu unaiingia ukiwa umefumbua macho yote mawili. Yeye alituambia kwa lugha yetu. Alifanya hivyo kwa mapenzi, nasi kwa mapenzi hatukuuliza. Wakati tunakunywa chai ya pili kule Khor, mshale wa saa yake ulikuwa juu ya namba ileile.

Alituingiza kwenye majlisi, baraza ya wageni, akatoa chakula cha asubuhi kilichobaki, maana mgeni ni mgeni: tambi za sukari zenye mayai juu, mikate, jibini, chai iliyopoa kwenye chupa. Kilikuwa chakula alichoandaliwa Barasa, kilichokuwa kimengoja tangu asubuhi. Tulikaa chini kwenye sakafu, kwa sababu nguo zetu zingeharibu viti. Barasa alikula polepole, tai imelowa, imemganda shingoni. Kisha akauliza bila kuinua macho.

"Mzee, angetia sahihi?"

Mimi nimeishi kwa kutazama nyuso za wauzaji na najua mtu anapokuwa na majibu mawili mdomoni. Mzee Said alikuwa nayo mawili. Katika maisha yangu nimebishana na watu wengi ili waseme ndiyo, na sijawahi kumwomba mtu kimoyomoyo kwa nguvu kama nilivyomwomba yule mzee aseme la.

"Angetia," akasema. "Kalamu nilikuwa nayo mimi. Ameuliza mara mbili, yuko wapi mtu wa baiskeli? Nikapiga simu yako, imezimwa."

Barasa akaitikia kwa kichwa. Akamega mkate mwingine. "Ahsante, mzee," akasema, na nilijua anashukuru kwa mkate.

Baba alikaa nje miezi, akitibiwa mgongo. Jumapili Barasa alikwenda hotelini akawaeleza; walimsikitikia, na wiki iliyofuata walimpata Msri Lanka. Baba aliporudi Mzee Said alimkumbusha, naye akauliza, baiskeli gani? Barasa alikuwa ameshapelekwa Kikaangoni. Kiangazi kile alisimama pale, na kilichofuata, na kingine. Alikunywa maji kidogo kwa sababu choo kilikuwa mbali na kuondoka getini ni makosa. Tulimwambia anywe, akasema atakunywa akitoka zamu. Baiskeli yake aliniuzia. Nilimpa alichotaja, bila kuomba nipunguziwe hata kidogo, na hilo lilimwudhi kuliko kama ningemnyonya. Alinitazama kama mtu aliyepewa sadaka. Aliendelea kumwamkia Mzee Said shikamoo mpaka mwisho. Lakini mazungumzo yao, yaliyobaki, yalikuwa ya Kiarabu. Yule mzee alijaribu mara kadhaa kumrudisha kwenye Kiswahili, "Mwanangu, waonaje hali?" naye Barasa akamjibu, "Zen, zen," nzuri, nzuri, akaendelea kutembea. Kato aliponiuliza kwa nini tunamwadhibu mzee wa watu kwa kosa la saa, nilimwambia apige hesabu mwenyewe. Hakuna aliyekosea. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko mara mbili, na kila nikifika mwisho nakuta watu watatu wema na mmoja wao amekufa.

Siku ya mazishi, baada ya chakula, binti yake mkubwa alinifuata kwenye foleni ya kunawa mikono. Ana kidevu cha babake. Aliniambia, "Wewe ni Uncle Broka, sindio? Baba alikuwa anatuambia mlikuwa mnatembea na baiskeli huko Arabuni. Akiwa hospitali hiyo tu ndiyo alikuwa anataka kuongea. Ati mvua ilinyesha jangwani. Tulikuwa tunadhani ni homa."

Nikamwambia haikuwa homa. Nikamwambia mvua ilinyesha tangu Ruwais mpaka Doha, magari ya matajiri yakazama sisi tukipita, na babake aliimba njia nzima na kucheka mpaka akaangusha baiskeli.

Akafurahi. Akaniuliza kama tulikuwa tunaenda mbali.

"Mbali kiasi," nikasema, nikampisha anawe.